Mbaruti wa Ardhi Maskini

Machi 2, 1998

Kuta za bweni zinatoka jasho. Kila mwaka mwezi huu hewa ya joto inaingia Guangzhou kutoka baharini, na sakafu, vioo, hata milango inatiririka maji kama mtu mwenye homa. Shuka hazikauki. Daftari hili limelainika kabla sijaandika ukurasa wa kwanza.

Profesa Ou anasema mtafiti awe na madaftari mawili, moja la vipimo na moja la moyo. Hili ni la pili.

Zimebaki siku mia na ishirini na nane. Julai nane nina tiketi ya kurudi Bukoba, iwapo nitamaliza. Getrude nilimwacha ana miaka mitatu. Baba yake alikuwa ameondoka na ile meli iliyozama ziwani Mei ya 1996, na miezi minne baadaye mimi nami nikapanda ndege. Watu walinisema. Sikuwa na jibu la kuwapa isipokuwa kwamba nafasi ya masomo haingojei matanga yaishe.

Machi 4

Nimekwenda bondeni. Basi hadi Panyu, basi la pili kuelekea Nansha, kisha nyuma ya pikipiki hadi mwisho wa lami. Bonde langu ni dogo, chini ya kilima, maji yanachuruzika humo mwaka mzima. Udongo wake ni mweusi lakini ni maskini, hauna chakula. Kwetu tungeliita rweya, nyika isiyozaa ndizi, na asingepatikana mtu wa kuligombania.

Mbaruti ninaousoma unaipenda ardhi ya namna hiyo. Si ule mbaruti wa pembeni mwa barabara. Huu ni mpole. Majani yake yanalala chini kwa duara kama sahani, juu kijani, chini meupe kama pamba. Mwezi wa tano unatoa bua moja, na juu ya bua ua moja la zambarau. Ukiupa mbolea unakufa, si kwa mbolea yenyewe, bali kwa sababu majani mengine yanashiba, yanarefuka na kuuziba jua. Unaishi pale tu ambapo wengine wanashinda njaa.

Nimefunga vibati vya namba kwenye mibaruti mia mbili. Ikitoa maua na mbegu, nina shahada.

Machi 11

Mashimo! Mashimo kumi na manne. Mtu amechimba mibaruti yangu na mizizi yake. Vibati vyangu amevipanga juu ya jiwe, vizuri, kama anayenicheka.

Machi 12

Nimemkamata. Ni mzee mwembamba, amekaa kama mtu aliyekaushwa kwa moshi. Ana nyati mmoja wa kulimia aliyekuwa akila majani humo bondeni, mundu kiunoni na kikapu chenye mizizi mitatu. Nilimpigia kelele kwa Kimandarini. Yeye alinijibu kwa Kikantoni, ambacho sikijui. Alikuwa akijigonga kifua na kurudia neno moja, hyut, hyut, hadi nikadhani ananitukana.

Nimekwenda moja kwa moja ofisi ya kijiji. Nilimwambia mwenyekiti, "Kuna mwizi." Neno hilo kwa Kimandarini nalijua vizuri, tulifundishwa mwezi wa kwanza. Mwenyekiti aliinuka, akanimiminia chai, akasema kijiji kinaheshimu chuo kikuu, na kwamba Mai, ndilo jina la yule mzee, hatakanyaga tena bondeni, wala yeye wala nyati wake.

Nimerudi mjini nikiwa na furaha. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Machi 16

Uzio umekamilika. Nguzo arobaini na nyavu za waya. Mafundi walifanya siku mbili.

Machi 22, Jumapili

Nimepiga simu ya parokia, saa nane mchana huku, kule misa ya kwanza inatoka. Edina, mdogo wangu, alikuwa akingoja na mtoto.

Nikasikia Getrude akiuliza, "Mama, ni nani?"

Edina akamjibu, "Ni mama yako."

"Mama wewe," akasema.

Edina alicheka kile kicheko cha kuficha aibu. Nikamwambia amwache, ni mtoto.

Machi 29

Mvua.

Aprili 3

Mvua. Profesa Ou amenipa mwavuli wake. Ni mtu mwema.

Aprili 9

Majani bondeni yamefika magotini. Mazuri, ya kijani kibichi, bila kinyesi cha nyati wala alama ya mundu. Nimepiga picha. Nilimwandikia Edina kwamba uzio umeniokoa.

Aprili 18

Nilikwenda sokoni Liuhua kumwona Swalha, mfanyabiashara wa viatu kutoka Kariakoo, anayekuja huku mara tatu kwa mwaka. Anaondoka kesho na amekubali kunibebea zawadi ya mtoto. Tulipita duka kwa duka, yeye akibishana na kila laoban, mwenye duka, nao wakimjibu meiyou, meiyou, yaani hakuna, hakuna.

"Huyu anasema hakuna na vimejaa hadi darini," akaniambia. "Haya shoga, chagua. Mwanao anavaa namba ngapi?"

Nilisimama na kiatu chekundu mkononi. Nilijaribu kukumbuka mguu wa Getrude, na mguu nilioukumbuka ulikuwa wa mtoto wa miaka mitatu.

"Sijui," nikasema.

 Swalha alinipokonya kile kiatu, akamwita muuzaji, akanunua jozi tatu za namba tatu mbalimbali. "Kimoja kitaingia," akasema. "Vingine watavaa wa jirani." Kisha akanishika mkono hadi nje, kama anayenivusha barabara.

Aprili 27

Hakuna tumba hata moja.

Mwaka jana tarehe kama hii, kwa mujibu wa daftari la Lin, mwanafunzi aliyenitangulia, matumba yalikuwa mia na themanini. Mimi nimeinama kutwa nzima nikipanua majani kwa mikono, kwani sasa yananifika kiunoni, na chini yake mibaruti yangu imelala gizani. Ile sahani ya majani imekuwa ya manjano. Mingine inateleza kidoleni, imeoza.

Mei 1

Sikukuu. Mji umelala. Mimi sikulala.

Mei 5

Profesa Ou amekuja mwenyewe bondeni, suruali imekunjwa hadi magotini. Alizunguka uzio wote. Mwishowe akauliza, "Kabla ya uzio, nani alikuwa akikata majani haya?"

Nikasema hakukuwa na mtu anayekata. Kulikuwa na mwizi tu na nyati wake.

Alinitazama.  Miaka miwili nimesoma, nimeandika kwa mkono wangu kwamba mmea huu unaishi pale tu ambapo majani mengine hayapewi nafasi ya kurefuka. Na aliyeyanyima nafasi hiyo, kila asubuhi, miaka yote, nilimfukuza mimi.

Mei 7

Nimekwenda kwa Mzee Mai. Medard amenisindikiza. Ni kijana wa Karagwe, anasoma udaktari mwaka wa nne, na kwa kuwa wagonjwa wodini wanazungumza Kikantoni, amekijua kama maji. Nilimwomba aje kunitafsiria.

Nyumba iko ng'ambo ya mfereji, chumba kimoja. Nyati amefungwa kwenye kamba fupi kando ya barabara, mbavu zinahesabika. Ndani kulikuwa na picha ya mwanamke, imewekwa juu ya meza, na mbele yake udi na machungwa mawili. Machungwa yalikuwa hayajasinyaa.

Mzee hakutukaribisha kuketi. Alisema kitu, na Medard akachelewa kunitafsiria.

"Anasemaje?"

"Anauliza kama umekuja kumfukuza na hapa."

Nikasema nimekuja kuomba radhi. Medard alisema maneno marefu kuliko yangu. Nadhani aliniombea vizuri kuliko nilivyojua kuomba. Mzee akaanza kuzungumza akitazama picha, wala si sisi, na Medard akawa anatafsiri kwa sauti ya chini.

"Anasema mkewe alikuwa akikohoa damu, mwaka wa tatu sasa. Hospitali walimpa dawa zikamchosha tumbo, akaziacha. Alichokuwa akikitaka ni supu ya mzizi wa ule mmea. Mama yake alimnywesha utotoni. Anasema yeye alikuwa akichimba ile mikongwe tu, iliyokwisha kumwaga mbegu. Anasema hakukuibia vibati vyako. Alivipanga juu ya jiwe uvione."

"Lile neno," nikasema, "hyut. Alilirudia sana."

Medard alifumba macho kidogo. "Damu, dada. Hyut ni damu."

Mzee aliendelea. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Mkewe alifariki Aprili ishirini na moja. Hadi siku ya mwisho aliitaka ile supu.

"Anasema alimwambia msimu wake bado," Medard akasema. "Kila siku alimwambia, msimu bado, ngoja kidogo. Anasema walikaa pamoja miaka arobaini na moja na huo ndio uongo pekee aliomwambia."

Nilipiga magoti. Sikupanga. Kwetu msiba unauingia kwa magoti, na mwili ulikumbuka kabla yangu. Mzee aliniangalia kama mtu anayetazama mvua, kisha akatoka kumfungua nyati.

Njiani Medard alijitahidi kunifariji. "Mzizi ule usingemponya, dada Imelda. Kile ni kifua kikuu. Bila dawa kamili angekufa tu."

"Najua," nikasema. "Lakini asingekufa akingoja."

 Tulikaa ndani ya basi hadi mjini, kila mtu na dirisha lake.

Mei 8

Sijatoka chumbani.

Mei 11

Nimerudi peke yangu na karatasi aliyoniandikia Medard kwa herufi za Kichina: *Nakuomba uje ukate majani. Uzio nitautoa.* Mzee aliisoma, au alijifanya kuisoma, akaikunja, akanirudishia. Akatikisa kichwa mara moja.

Mei 12

Nimenunua mundu. Nimekata kutwa. Mimi ni mtoto wa mkulima, lakini majani haya ni magumu, yanalala, yamefungamana, na mundu unapita usipopaona. Nilipoinua tita la tatu la majani nikakuta ndani yake mbaruti wenye tumba, tumba la kwanza mwaka huu, nimeukata shingo mwenyewe. Niliketi ndani ya maji nikalia kwa sauti. Hapakuwa na wa kunisikia.

Mei 13

Alikuwepo wa kunisikia.

Nilikuwa nakata, nikasikia kelele kutoka juu ya tuta. Mzee Mai alikuwa akishuka mbio, akifoka, mikono inapunga. Alinipokonya mundu. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari anipige. Badala yake aliinama, akapenyeza mkono wa kushoto chini ya majani, polepole, akapapasa hadi akasita. Alishika mkono wangu akauingiza palepale. Nikahisi miiba midogo. Kumbe ndivyo anavyokata. Mkono unatangulia kuutafuta mbaruti, unaufunika, kisha mundu unapita juu ya mkono.

Mgongo wa mkono wake umejaa makovu. Sikuwa nimeyaona.

Tulikata hadi jua lilipoinama. Hakuniangalia usoni wala hakuniaga. Alibeba mzigo wa majani kwa ajili ya nyati, akapanda tuta.

Mei 14

Amekuja.

Mei 15

Amekuja. Mvua kubwa. Nimejikata mara mbili, si vibaya.

Mei 21

Tumekatizwa. Mwenyekiti alipita barabarani, akasimama, akaita kwa ukali. Mzee Mai akaweka mundu chini na kuondoka bila kubisha. Nilimkimbilia mwenyekiti kumweleza, akanijibu akitabasamu kwamba amri ni amri, na ilitolewa kwa ombi la chuo. Ikiwa chuo kina maoni mengine, kilete barua.

Mei 30

Ngoma kutoka mtoni tangu asubuhi, mashindano ya mashua za joka. Wanasema mvua za siku hizi ni maji ya mashua. Zinanyesha kama zimetumwa.

Juni 9

Maua kumi na tisa. Kati ya mibaruti mia mbili, kumi na tisa. Yamesimama mbali mbali kama watu waliobaki baada ya ajali. Ni mazuri mno. Sikujua zambarau inaweza kumuumiza mtu.

Juni 15

Profesa Ou aliniita ofisini, akafunga mlango, akamimina chai.

"Maua kumi na tisa si tasnifu," akasema.

"Najua, Profesa."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari la Lin la mwaka jana. Alizungumza akiangalia chai. Akasema bonde ni lilelile, mmea ni uleule. Nikiandika hesabu za Lin kuwa ni zangu, za mwaka huu, ndani ya uzio, nitaitetea tasnifu Julai mbili na kuondoka Julai nane. Lin yuko Kanada, hatauliza. "Una mtoto," akasema. "Mimi pia nina mtoto, nilimwona mara nne katika miaka sita, wakati ule wasomi tulipopelekwa mashambani. Hujui utakavyojilaumu."

Zamani ningesema anaitetea idara yake. Leo niliona chai yake imepoa hajainywa, nikajua alikuwa akinipa kitu ambacho yeye hakupewa na mtu.

Nilichukua daftari.

Juni 16

Nimeandika kurasa nne za uongo. Mwandiko wangu haujawahi kuwa mzuri hivi.

Juni 17

Kurasa sita. Hitimisho limejiandika lenyewe. Kama mibaruti ilichanua hivyo ndani ya uzio, basi uzio umeilinda, na watu na nyati wazuiwe. Nimelisoma mara tatu.

Juni 18

Nimekwenda bondeni kuchukua mbegu. Maji yamepanda. Katika maua kumi na tisa, saba yamekwisha kuzama. Mzee Mai alikuwa amesimama juu ya tuta, nje ya uzio, nyati nyuma yake. Mwenyekiti alikuwa bondeni na wageni wawili wenye viatu vya mjini, akiwaonyesha nguzo zangu. Akaniita kwa furaha. Anataka kuweka uzio mabonde mengine mawili ya kijiji. Anangoja tu ripoti yangu, ili aibandike ukutani.

"Watu kama huyo wameharibu sana," akawaambia wageni, akielekeza kidevu juu ya tuta.

Mzee alisikia. Hakusogea.

Nimerudi na mbegu ndani ya bahasha, nimelowa hadi mfupani.

Juni 19

Nimelala kitandani mchana kutwa, kurasa zangu za uongo zikiwa kifuani. Nilimfikiria Getrude akiningoja uwanja wa ndege wa Mwanza, na miguu yake nisiyoijua namba. Nikajiambia, Mzee Mai si ndugu yangu. Mkewe amekwisha kufa, hakuna ripoti itakayomfufua. Nikajiambia, mwanao yu hai.

Yote hayo ni kweli. Nimejaribu kuyapinga, sikuweza.

Kisha nikaamka, nikachana zile kurasa na kuanza upya. Sijisikii mwema. Najisikia kama mtu aliyekata mkono wake mwenyewe kwa sababu mundu ulikwisha kuanza kushuka.

Juni 22

Sentensi ya kwanza ya ripoti: *Uzio uliowekwa na mtafiti mwenyewe, pamoja na kuzuiwa kwa mkata majani, ndivyo vilivyoua mibaruti hii.* Medard amenirekebishia Kichina. Aliposoma hadi mwisho aliuliza, "Una hakika, dada?" Nikamwambia sina.

Juni 25

Mto Xi umefurika huko juu, redio haizungumzi jambo jingine. Profesa Ou amesoma ripoti akiwa amesimama. Aliketi, akavua miwani. "Basi ni mwaka mmoja zaidi," akasema. "Idara itakubali, nitaomba mimi. Lakini tiketi haiwezi kuahirishwa. Ukirudi sasa, unarudi bila shahada."

Nikasema nitabaki.

"Na barua ya kijiji?"

Nikaiweka mbele yake. Alipiga mhuri wa idara mara mbili, wa kwanza ulikuwa umetoka umefifia.

Juni 29

Mwenyekiti alisoma barua kwa uso wa mtu aliyepewa chakula kibaya mbele ya wageni. Amri imeondolewa. Nimelipa mafundi kung'oa nyavu.

Mzee Mai amemwingiza nyati bondeni, maji yakiwa yangali magotini. Nilisimama kando. Alipita karibu yangu bila kusalimu, na sikuwa na haki ya salamu yake. Nyati aliinamisha kichwa, akala, akala.

Julai 5, Jumapili

Nimepiga simu ya parokia. Edina alinisikiliza bila kunikatiza, akasema tu, "Mwambie mwenyewe. Mimi sitaweza."

"Getrude," nikasema, "ni mama. Sitakuja Jumatano."

Akafikiri. "Utakuja Alhamisi?"

"Hapana, mwanangu. Mwakani."

"Mwakani ni baada ya Krismasi ngapi?"

"Moja."

"Moja ni kidogo," akasema, kwa sauti ya kunituliza, kama mtu mzima. Kisha nikasikia simu ikigonga mbao. Alikuwa ameiweka mezani bila kuikata, akatoka nje kucheza. Nilimsikia akiwaita wenzake, nikasikia miguu ikikimbia kwenye changarawe, mtoto mmoja akilia na kubembelezwa, kengele ya misa ya pili. Mwenye kibanda cha simu alinionyesha saa yake. Nikamwonyesha kwa kidole, bado, nikaendelea kusikiliza.